Maseneta Mia Moja

Saa moja kasorobo asubuhi, Mama Yvette alikuwa amekwisha kunywa chai yake wima, amevaa sare ya kazi, barakoa ikining'inia kidevuni. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka ule wa 2021, wafanyakazi wa aina yake waliokaa upande wa Smithfield, kule Australia, walitakiwa kupimwa korona kila baada ya siku tatu. Foleni ya magari kwenye kituo cha kupimia ilianza alfajiri. Asiyewahi foleni alichelewa kazini, na mama huyu hakupenda kuchelewa.

"Yvette! Uji wa mdogo wako uko jikoni. Asiule mbele ya televisheni. Darasa lako linaanza saa ngapi?"

Yvette alijibu kwa Kiingereza kutoka chini ya blanketi.

"Nimekuuliza kwa Kiswahili."

"Saa tatu, Mama."

"Haya. Na kazi yangu?"

Yvette alivuta blanketi hadi kichwani. "Nitaifanya leo."

"Leo ya leo au leo ya jana?" Mama aliuliza, akachukua funguo za gari na kutoka.

Kazi yenyewe ilikuwa kijitabu kilichobandikwa kwa sumaku kwenye mlango wa friji. Kilieleza mambo ya Australia: historia, sheria, serikali na wajibu wa raia. Anayetaka uraia hukisoma, kisha huitwa kufanya mtihani wa maswali ishirini kwenye kompyuta. Mama alizungumza Kiingereza cha kazini bila taabu, lakini kukisoma kulimchosha, hasa baada ya kuwainua na kuwaogesha wazee kutwa nzima. Kwa hiyo walikubaliana. Kila wiki Yvette angesoma sura moja, atunge maswali kumi na majibu yake, naye Mama angejipima nayo wakati wa mapumziko. Yvette alikuwa na miaka kumi na mitano, darasa la kumi, na tangu alipokuwa mdogo ndiye aliyewasomea wazazi barua za benki, za shule na za daktari. Kazi hiyo ilikuwa imemchosha siku nyingi.

Shule zilikuwa zimefungwa. Yvette alisomea kwenye meza ya jikoni, kompyuta mbele yake, na mdogo wake Ange, wa miaka tisa, akimrushia vipande vya mkate. Katika somo la historia walikuwa wanasoma habari za Marekani: namna serikali ya huko inavyoendeshwa, na namna watu weusi walivyopigania haki zao za kiraia. Mwalimu wao, Mista Douglas, alikuwa amewapa karatasi ya maswali hamsini kuhusu serikali ya Marekani, majibu yakiwa upande wa pili.

Yvette aliitazama ile karatasi. Akakitazama kijitabu cha Mama. Karatasi ilikuwa tayari. Kijitabu kilikuwa na kurasa nyingi ambazo hakuna aliyezisoma.

"Serikali ni serikali," alijiambia. "Bunge ni bunge, katiba ni katiba."

Akanakili maswali kumi. Palipoandikwa Marekani, aliandika Australia. Palipoandikwa rais, aliandika waziri mkuu. Mengine aliyaacha kama yalivyo. Seneti ina wajumbe wangapi? Mia moja. Katiba iliandikwa mwaka gani? 1787. Je, kupiga kura ni lazima? La, ni hiari ya mtu. Mkuu wa nchi ni nani? Waziri mkuu. Kazi ya wiki nzima iliisha kwa dakika kumi na mbili, akarudi kwenye simu yake.

Mama aliporudi jioni alizisoma karatasi zile huku amesimama, akatikisa kichwa kwa furaha. "Voilà! Umeona? Ukitaka, unaweza."

Sifa ile ilimchoma Yvette, lakini si sana. Mitihani yenyewe ilikuwa imesimamishwa kwa sababu ya korona. Angesahihisha baadaye. Wiki iliyofuata alinakili kumi mengine, na nyingine tena kumi mengine. Mama aliyakariri akiosha vyombo, akikunja nguo, hata akisuka nywele za watu. "Maseneta mia moja!" alisema, naye Ange akaitikia kutoka chumbani, "Mia moja!"

Mwezi Oktoba mji ulifunguliwa. Wanafunzi walirudi shuleni na barakoa zao, na ofisi zikaanza tena kuwaita watu mtihani. Alhamisi moja, Mama aliingia nyumbani akicheka.

"Mama Médiatrice ameitwa! Jumatatu, saa nne asubuhi!"

Mama Médiatrice alikuwa rafiki wa Mama tangu kambi ya wakimbizi Nakivale, kule Uganda. Walikuwa wameuza ndizi pamoja, na sasa walisali kanisa moja. Mama mzazi wa Médiatrice alibaki kambini, mzee, macho yameanza kuzimika. Médiatrice hakuwa amemwona kwa miaka sita. Nia yake ilikuwa moja: apate uraia, apate pasipoti, apande ndege akamsalimie mama yake kabla macho hayajazimika kabisa.

"Ataweza?" Yvette aliuliza.

"Ataweza, kwa nini asiweze? Nimekuwa nikimtumia maswali yako yote kwa simu tangu Agosti. Ameyakariri kuliko mimi. Akianguka, mwanangu, atarudi mwisho wa foleni, na foleni ya sasa ni ndefu mno. Lakini hataanguka."

Yvette aliweka kijiko chini.

Siku ya pili, Ijumaa, ilikuwa zamu yake kueleza darasani mada aliyopewa. Alisimama mbele, barakoa ikimpa joto, akaeleza kwamba zamani, kwenye majimbo ya kusini ya Marekani, mtu mweusi aliyetaka kujiandikisha kupiga kura aliweza kupewa mtihani wa kusoma na kufafanua katiba. Karani ndiye aliyeamua nani amefaulu, na mara nyingi mtu mweusi hakufaulu hata angejibu vipi. Basi watu wakaanzisha madarasa ya jioni. Watu wazima waliotoka mashambani na jikoni walifundishwa kusoma, kuandika majina yao na kujaza fomu. Mwalimu wa kwanza wa madarasa hayo alikuwa msusi wa nywele.

"Msusi?" akashangaa kijana mmoja nyuma.

"Msusi," alisema Yvette. "Hakuwahi kuwa mwalimu. Lakini watu walimwamini."

Mista Douglas alimshukuru, kisha akaligeukia darasa. "Hebu fikirini. Yule msusi angekuwa mvivu, akawafundisha watu mambo ambayo hakuyachunguza, ingekuwaje?"

Abigail, msichana Mkenya aliyekaa dirishani, hakungoja kuitwa. "Wangeanguka, Mista. Na karani angecheka, maana kazi yake ingekuwa imefanywa na mwalimu wao wenyewe."

Darasa lilicheka. Yvette hakucheka. Alikaa chini, na maneno ya Abigail yakakaa naye mpaka kengele ya mwisho.

Jumamosi mchana Mama Médiatrice alikuja, amejifunga kitenge kipya, amebeba sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alimkumbatia Yvette kwa nguvu. "Mutoto yangu! Mwalimu yangu! Njoo uniulize. Uliza lolote!"

"Mama Médiatrice..."

"Hutaki kuuliza? Najiuliza mwenyewe. Seneti, wajumbe mia moja. Katiba, elfu moja mia saba themanini na saba. Kupiga kura, ukitaka piga, hutaki lala!" Alipiga makofi, na Mama akapiga pamoja naye.

Yvette aliwatazama wanawake wawili wakifurahi kwa ajili ya karatasi zake. Aliona kwamba akinyamaza hadi Jumatatu, hakuna atakayejua, labda hata mwenyewe angeweza kusema mtihani ulikuwa mgumu. Kisha akamwona moyoni yule bibi wa Nakivale ambaye hajawahi kukutana naye, anayeita jina la bintiye kwenye simu kwa sababu haoni tena picha.

"Majibu hayo si ya Australia," alisema kwa Kiswahili. "Ni ya Marekani. Niliyanakili kwenye karatasi ya shule. Kijitabu sikukisoma."

Makofi yalikoma. Sombe ilikuwa bado inafuka mezani.

"Rudia," alisema Mama.

Yvette alirudia. Mama hakupiga kelele, na hilo lilimtisha zaidi. Alikwenda kwenye friji, akang'oa kijitabu, akakiweka mbele ya Yvette.

"Seneti ya hapa ina wajumbe wangapi?"

Yvette alifungua kurasa mpaka akalipata jibu. "Sabini na sita."

"Kupiga kura?"

"Ni lazima. Kila raia aliyetimiza miaka kumi na minane."

"Mkuu wa nchi?"

"Malkia."

"Malkia," alirudia Mama Médiatrice polepole, akajishika kichwa. "Yesu wangu! Na mimi nimewafundisha wanawake wawili wa mtaa wa Quakers Hill kwamba ni waziri mkuu." Halafu, kwa mshangao wa wote, alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyekwisha kuona mabaya makubwa kuliko hayo. Alipomaliza, machozi yalikuwa yanamtoka. "Nina siku moja na nusu, mama. Nifanyeje?"

Mama alitazama saa. "Ange, zima televisheni. Yvette, kabla ya yote, chukua simu uwapigie wale wawili wa Quakers Hill. Wewe, si mimi. Waambie ulivyofanya."

Yvette alipiga. Mmoja alimwambia asante kwa kusema. Wa pili alimfokea dakika nne nzima, naye akasikiliza zote nne.

Kisha wakaanza. Yvette alisoma ukurasa kwa Kiingereza, akaueleza kwa Kiswahili, akauliza. Mama Médiatrice akajibu. Mama akahakikisha jibu kwa kidole chake kitabuni. Hakuna lililopita bila kidole kile. Walisoma mpaka sombe ikapoa, wakaipasha, wakala, wakaendelea. Jumapili baada ya ibada walirudia. Kazi ngumu haikuwa kujifunza mapya. Ilikuwa kung'oa ya zamani. Mara nne Mama Médiatrice alisema mia moja, na mara nne Ange alipiga kelele, "Sabini na sita!"

Jumatatu saa sita kasorobo, Yvette alikuwa uwanjani shuleni. Simu haikuruhusiwa. Alikwenda ofisini kuomba ruhusa ya kumpigia mama yake, akaeleza kwa nini, na katibu wa shule akamwacha.

"Amepata kumi na saba," Mama alisema upande wa pili. "Kumi na tano zingetosha. Yuko hapa, anaimba ndani ya gari. Rudi darasani."

Jioni ile Yvette alitarajia adhabu. Mama alivua viatu, akakaa, akakifungua kijitabu kwenye sura ya kwanza.

"Baada ya wiki mbili ni zamu yangu ya mtihani. Tutasoma wote wawili, kila siku kurasa tano, na maswali utayatunga nikiwa nimekaa hapa."

"Mama, umenikasirikia?"

"Sana." Alifungua ukurasa. "Sikiliza, sitalisema mara mbili. Ungeniambia, 'Mama, nimechoka, siwezi,' ningetafuta njia nyingine. Kuchoka si kosa. Kosa ni kusema umemaliza kazi ambayo hukuianza. Anayekuamini hahakikishi, anakanyaga palepale ulipomwambia ni imara. Ukiwa huna hakika napo, mwambie asikanyage. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Ulisema ukweli siku ya Jumamosi wakati ungeweza kunyamaza. Hilo pia nimeliona. Sasa soma."

Mwezi Mei mwaka uliofuata kulikuwa na uchaguzi mkuu. Mama na Mama Médiatrice, raia wapya, walisimama kwenye foleni nje ya shule ya msingi, ambako wazazi walikuwa wanauza mkate na soseji. Yvette aliwasindikiza. Mama Médiatrice alikuwa na tikiti ya ndege kwenye mkoba, na alikuwa amekwisha kuwaonyesha watu sita waliosimama karibu naye. Alipotoka chumba cha kura alikuwa anacheka.

"Karatasi ya Seneti ni ndefu kama kitambaa cha meza! Mwalimu yangu, niambie, tunao wangapi?"

Yvette alifungua mdomo, kisha akasita.

"Sabini na sita," alisema. "Lakini ngoja nihakikishe."

Mama, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, alimkatia nusu ya mkate wake wa soseji. "Sasa umejifunza," alisema.