Mlio Alioahidiwa Mama

Jirani yetu huyu kazi yake ni kutangaza treni, na stesheni nzima inamwita Zumari. Umekaa pale na mizigo yako, mara unasikia ile sauti inashuka kutoka kwenye spika, laini, haina haraka, inakwambia treni ya saa nne imechelewa dakika arobaini, na badala ya kukasirika unajikuta umeridhika. Ila kinyozi hajinyoi. Mwanamke aliyewaambia maelfu ya wasafiri wasiomhusu kila walichotaka kujua, alimweka mama yake mzazi miaka miwili akisubiri sekunde nane za sauti hiyohiyo.

Mama alikuwa na simu ya zamani, ya kubonyeza, mfuniko wa nyuma umefungwa kwa mpira wa nywele. Macho yalishampungua na majina kwenye kioo hakuyaona. Siku moja matapeli wakampigia, wakajifanya watu wa hospitali, wakamwambia mjukuu wake amegongwa na gari. Bibi wa watu alilia hadi akaishiwa nguvu, na mtoto kumbe yuko shule anaruka kamba. Zumari alipopata habari akaja juu, akamkalisha mama yake, akamwekea sheria: "Kuanzia leo usipokee simu ya mtu usiyemjua. Ikilia na hujui ni nani, iache ilie."

Mama akamuuliza, sasa wewe nitakujuaje?

Lilikuwa swali la haki kabisa. Zumari akamwahidi atamtengenezea mlio wa sauti yake mwenyewe, ili akipiga isikike, "Mama, ni mimi, pokea." Juu yake atamwekea picha yake na ya mjukuu, mama aisogeze jichoni aione. Mama alifurahi kama mtoto. Akawatangazia majirani wote kwamba simu yake itakuwa inaongea.

Fundi simu alimweleza Zumari namna ya kufanya. Simu ile ilikuwa ya kizamani mno, haikubali waya wala programu, njia ilikuwa moja tu, barua pepe. Unaandika namba ya mama, ile alama ya a iliyozungushiwa duara, kisha anwani ya kampuni ya simu. Unaambatanisha picha au sauti, unatuma, na simu inaipokea kama ujumbe. Fundi akamwandikia yote kwenye kipande cha karatasi na kumwonya mambo matatu. Picha iwe ndogo, sauti iwe fupi, na mzee mwenyewe ndiye abonyeze kukubali, la sivyo haiingii.

Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Zumari akasema kesho, mama. Halafu akasema Jumapili, mama. Karatasi ikaingia kwenye droo ya kazini, na akitaka kuongea na mama yake alikuwa anapitia kwenye simu ya dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi na mama, jioni dada akisharudi kutoka kazini.

Siku yenyewe, moyo ulimtuma kupiga saa tisa alasiri, kati ya treni mbili. Dada hakupatikana, akapiga moja kwa moja kwa mama. Iliita mpaka ikakata. Akarudia, akarudia tena, kisha treni ikaingia naye akarudi kwenye kipaza sauti. Jioni dada alimkuta mama sakafuni kando ya kitanda, nyonga imevunjika, mwili umeshapoa. Daktari alisema alikaa saa nyingi pale chini akiwa hai. Dada hakumlaumu mtu. Alisema neno moja tu, baada ya mazishi, akikunja mashuka: "Simu alikuwa ameishika mkononi."

Mama alikuwa ametii. Hilo ndilo lililomla Zumari. Waombolezaji wakamwambia majuto ni mjukuu, naye akawaitikia kwa kichwa, akijua wamesema tu kama watu wasemavyo.

Ilipita miezi minne. Siku moja mchana treni zote zilikwama kwa ajili ya ukarabati wa reli, na Zumari akabaki ndani ya kibanda chake cha vioo hana la kutangaza. Akafungua droo kutafuta kalamu, akakuta ile karatasi ya fundi. Aliitazama sana. Kisha akafanya jambo ambalo hata mwenyewe hakuweza kulieleza baadaye. Aliwasha kompyuta, akaandika namba ya mama yake, akaambatanisha picha aliyopiga na bintiye, akatuma.

Jibu lilikuja papo hapo. *Picha ni kubwa. Punguza.*

Hakushtuka, alijua ni mitambo inajijibu. Akaipunguza picha. Jibu likaja lilelile. Akaipunguza tena na tena mpaka sura zao zikawa kama punje za mtama, ikapita. Ndipo akasogeza simu yake mdomoni, akajirekodi: "Mama, ni mimi, pokea." Ilitoka chinichini. Akatuma.

*Sauti ni ndogo. Rudia.*

Akarudia kwa nguvu, kama anatangaza treni. Safari hii jibu lilichelewa kidogo, kama dakika mbili hivi. Lilikuwa neno moja.

*Imekubaliwa.*

Zumari alilia pale kibandani, akajisikia mwepesi. Alishavuka barabara kwenda nyumbani ndipo alipolikumbuka lile onyo la tatu la fundi, kwamba mzee mwenyewe ndiye abonyeze kukubali.

Kesho yake aliamka amekauka koo. Alitangaza treni tatu, ya nne sauti ikakwaruza kama ufagio kwenye saruji, na wasafiri wakatazama juu kwenye spika. Saa tisa na dakika mbili dada alimpigia. Alikuwa ananong'ona.

"Umefanya nini kwenye simu ya mama?"

Zumari akauliza simu gani.

"Iko kabatini. Imelia sasa hivi kwa sauti yako. Mdogo wangu, betri ilivimba nikaitoa. Betri yenyewe iko hapa dirishani. Naiona."

Ilikuwa hivyo kila siku, saa tisa kamili. Na kila ilipolia, sauti ya Zumari ilipungua. Siku ya tatu alikuwa ananong'ona. Siku ya tano mdomo ulifunguka na hakikutoka kitu. Daktari alimmulika kooni akasema pasafi. Stesheni ikamweka mtu mwingine kwenye kipaza sauti, na msimamizi akamwandikia kwamba asipopona mwisho wa mwezi asirudi.

Nyumbani alibaki na bintiye wa miaka tisa, aliyeitwa Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Mtoto alikuwa anaongea akila, akivaa viatu, hata usingizini. Sasa akawa anaongea kwa niaba ya mama yake pia, dukani na kwa majirani. "Mama anasema asante," anasema, na mama amesimama nyuma yake kimya.

Siku ya sita Zumari alikwenda kwa dada. Chiriku alifuatana naye. Walikaa watatu mbele ya kabati lililo wazi. Simu ilikuwa juu ya kanga za mama, imefungwa na mpira wake wa nywele, nyuma iko tupu. Saa tisa kioo kikawaka. Ikatokea ile picha, punje mbili za sura. Na sauti ya Zumari ikajaa chumbani, nzima, nzuri kuliko alivyowahi kuwa nayo.

"Mama, ni mimi, pokea."

Dada alijiziba masikio. Zumari akaichukua. Akabonyeza kitufe cha kupokea, akaiweka sikioni.

Alisikia chumba. Saa ya ukutani inagonga. Mtu anapumua kwa taabu, chini, karibu na sakafu.

"Nani?" ilikuwa sauti ya mama yake.

Zumari alifungua mdomo. Alisukuma kwa kifua chote. Mishipa ikamsimama shingoni. Kimya.

"Nani wewe?" mama akauliza tena. Akangoja. Alingoja sana, maskini. "Kama hujitaji nakata. Mwanangu kanikataza kuongea na watu nisiowajua."

Ikakatika.

Njia nzima ya kurudi Zumari alilia bila mlio. Chiriku alimshika mkono. Kule ndani alikuwa amekaa karibu vya kutosha kusikia kila kitu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuuliza swali. Alikuwa anafikiri.

Kesho yake Zumari alikuwa jikoni anaosha vyombo. Chiriku alikuwa mezani na simu ya mama yake, kama kawaida yake. Zumari aligeuka kuchukua kitambaa. Akaiona ile karatasi ya fundi, aliyokuwa ameitia mkobani, iko mezani, imenyooshwa vizuri, imewekewa kikombe isipeperuke.

Alimpokonya simu. Barua pepe ilikuwa imeshakwenda. Akabonyeza sauti iliyoambatanishwa. Sekunde nane.

"Bibi, ni mimi Chiriku. Anayepiga ni mama. Pokea."

Chini yake kulikuwa na jibu. *Imekubaliwa.*

"Umefanya nini?" Zumari alisema.

Alisema. Ilitoka yote, laini, imekamilika, ikagonga sufuria na kuta. Chiriku aliisikia akatabasamu, amefanikiwa. Akafungua mdomo amjibu mama yake. Akaufunga. Akaufungua tena. Akaweka mkono kooni.

Zumari alijaribu yote. Alituma sauti yake upya, mara arobaini, mara hamsini, akiomba ichukuliwe hiyo, ile ya mtoto irudishwe. Hakujibiwa. Alikwenda kampuni ya simu kuomba namba ya marehemu ifungwe. Msichana wa kaunta akaitafuta, akamgeuzia kompyuta aone mwenyewe. Namba ilifungwa mwezi uleule wa mazishi. Alimpelekea fundi ile simu, fundi akaifungua vipande vipande juu ya meza, akasema kila kitu ndani kimeoza kwa kutu. Hakutaka kuishika tena, aliisukuma kwa kalamu.

Ukipita stesheni leo utamsikia. Karudi kazini, na abiria wanasema sauti imezidi kuwa tamu. Nyumbani kwake hapasikiki kitu. Chiriku anakwenda shule, anarudi, anaandika kwenye daftari anachotaka. Mama yake akimuuliza kama ana huzuni, anaandika kwamba hana, kwamba saa tisa huwa anafurahi kama anayeongea na mtu, na hajui kwa nini.

Saa tisa Zumari hatangazi. Treni ikiingia saa hiyo inaingia yenyewe, na watu wameshazoea. Anazima kipaza sauti, anafunga mlango wa kibanda, anapiga namba ya mama yake. Namba isiyo na laini, kwenye simu isiyo na betri. Kila siku anapiga mara tatu, na kila siku anajibiwa hivyohivyo, kwa upole, na mwanamke asiyemjua.

"Namba unayopiga inatumika kwa sasa."