Chupa ya Maji Matupu

Asubuhi ile ofisi ya mizigo ya kituo cha mabasi ilikuwa imefurika. Watu walibanana mbele ya dirisha moja tu, kila mmoja akipunga stakabadhi yake na kuapa kwamba ndiye aliyetangulia. Katikati ya msukumano huo alisimama dada mmoja mrefu, gauni la bluu, kilemba cheupe kimeanza kulegea, macho ameyakaza kwa karani.

"Kaka yangu, lile boksi la barafu pale nyuma yako ni langu. Ndani mna chupa za maji ya mto. Barafu ikiyeyuka, kazi ya wiki nzima imeharibika."

"Subiri zamu yako, dada."

"Zamu yangu ilipita ulipokuwa unakunywa chai."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyempisha. Huyu dada alikuwa mdhibiti ubora wa maabara ya mazingira. Wenzake walipima maji na udongo. Yeye aliwapima wapimaji, kuona kama jibu wanalolitoa linaweza kuaminiwa. Kwa kuwa haikupita siku bila kumwambia mtu fulani "rudia", maabara nzima ilimbandika jina Bi Rudia, na mwenyewe hakulikataa.

"Jamani, naomba njia!" sauti nzito ikapasuka nyuma yao.

Alikuwa kijana mpana wa mabega, ovaroli ya rangi ya chungwa, begani amebeba kisanduku cha chuma chenye alama ya njano ya mionzi. Walioijua alama ile waliruka pembeni, na wasioijua wakawafuata kwa kuiga. Kufumba na kufumbua, dirisha likawa tupu.

"Karibu, dada," kijana akasema kwa tabasamu. "Dirisha lako hilo."

Bi Rudia hakushukuru. "Hicho kisanduku kina nini?"

"Hakina kitu. Kimetoka kutengenezwa mfuniko."

"Kama hakina kitu, alama ingefunikwa. Leo umewatisha bure. Siku ukipita na mzigo wenyewe, nani atakuamini?"

Tabasamu la kijana likayeyuka. Alikitua kisanduku chini, akachomoa utepe mweusi mfukoni, akaiziba alama yote hadi ikapotea.

"Umeridhika?"

"Kidogo."

"Na kiasi kilichobaki nije nikimalizie wapi?"

Bi Rudia alijitahidi kununa, akashindwa. Cheko lilimtoka mbele ya karani.

Ndivyo walivyojuana. Kijana alikuwa msimamizi wa ghala la taka za mionzi. Hospitali zilimletea sindano, chupa na vitambaa vilivyoguswa na dawa za mionzi, naye aliviweka kwenye mapipa mpaka nguvu yake ife. Wenzake walimwita Risasi. Si risasi ya bunduki, alimweleza Bi Rudia kwenye simu ya kwanza. Ni yale madini mazito yanayozuia mionzi isipenye.

"Kwa hiyo wewe hupenyeki?" Bi Rudia alimtania.

"Nilikuwa sipenyeki. Tangu juzi ninavuja."

"Nitume mkaguzi?"

"Njoo mwenyewe, mpenzi. Hao wengine sitawafungulia mlango."

Shangazi, ambaye Bi Rudia aliishi naye tangu alipoanza kazi, akazoea kusikia vicheko nyuma ya mlango. Siku ya mapumziko Risasi aliletwa nyumbani, shati jeupe limenyooshwa likanyooka, viatu vinang'aa. Shangazi alimkagua toka kichwani hadi miguuni.

"Baba, hizo taka zako haziambukizi?"

"Haziambukizi, shangazi. Anayeambukiza ni huyu binti yako. Siku hizi hata nyumbani nikipika chai naionja, naimwaga, naipika upya."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi, na tangu siku hiyo akawa upande wa Risasi.

Kisha yakaja maji ya kisima.

Chupa zililetwa maabara zikiwa na namba tu, kama kawaida, ili mpimaji asijue zimetoka wapi. Katika kila kundi Bi Rudia aliingiza kwa siri chupa moja ya maji matupu, maji aliyoyachuja mwenyewe mpaka yakabaki maji na si kitu kingine. Mashine ikiona kitu ndani ya chupa hiyo, basi kuna tatizo kwenye upimaji.

Mkurugenzi alimwita ofisini kwake. Alikuwa mzee nadhifu, tai haijawahi kupinda, na siku hiyo simu zake mbili zilikuwa zinaita kwa kupokezana.

"Tumepata iodini ya mionzi, ile ya hospitali. Maji ni ya kisima cha mtaa ulio chini ya ghala la taka. Mamlaka ya maji wanasubiri. Tunatangaza leo kwamba ghala linavuja."

Bi Rudia alijua ni kwa Risasi. Ghala lilikuwa moja tu. Alivuta kiti akaketi, akayasoma majibu yote, si ya kisima pekee.

"Mkurugenzi, maji matupu niliyoyachuja mwenyewe nayo yana iodini. Hayo pia yametoka ghalani?"

Mzee akazima simu zake zote mbili. "Nasikia una mtu wako pale."

"Ninaye. Ndiyo maana sitaki kuaminiwa mimi. Naomba sampuli mpya zichukuliwe na maabara nyingine, nami nisiziguse. Mpaka majibu yao yaje, watu wasinywe maji ya kisima kile, wapelekewe mengine. Na ghala lifungwe, lisipokee mzigo wala kutoa."

"Unamfungia mwenzio?"

"Sijui kama linavuja, na sijui kama halivuji. Nikiwa sijui, siwezi kumnywesha mtu."

Jioni Risasi alipiga simu kama ada, akianza na utani. Bi Rudia alijibu kwa mkato. Taarifa za sampuli za mteja hazitoki nje ya maabara. Hiyo sheria aliwafundisha wengine yeye mwenyewe. Alisema kichwa kinamuuma, na kweli kilikuwa kinamuuma.

Kesho yake, kabla hajamaliza kufunga kilemba, simu ikaita.

"Wamekuja kuufunga mlango wa ghala kwa lakiri." Sauti ya Risasi ilikuwa kavu. "Nimeuliza ni ushauri wa nani. Wameniambia wako."

"Ndiyo. Ni wangu."

"Jana tumeongea! Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na hukuona hata neno moja la kuniambia? Nimeaibika mbele ya vijana ninaowasimamia. Majirani wananitazama kama nimewatilia sumu."

"Ningekuambia, kisha majibu yakaja kukutetea, nani angeyaamini? Wangesema mpenzi wako alikutonya mapema."

"Mimi nilitaka mpenzi. Sikutaka mkaguzi."

"Hao wote wawili ni mimi. Siwezi kumwacha mmoja nyumbani."

Simu ikakatwa. Bi Rudia alikaa ukingoni mwa kitanda, kilemba mkononi, machozi yakamdondoka kimya kimya. Kisha akanawa uso, akakifunga kilemba upya, akaenda kazini.

Alikuwa na jambo moja la kulitafuta: iodini imeingiaje kwenye maji yake matupu? Alianza na chupa mpya, hazikuwa na kitu. Akapima sinki, glavu, mitungi ya kuoshea, chumba cha mashine. Watu wakamkwepa kwenye korido. Mkurugenzi akamwambia amechosha watu, yeye akajibu kwamba hata mwenyewe amechoka, akaendelea. Mwishowe alichukua kipima mionzi cha mkononi, akazunguka chumba kwa chumba kama mtu anayetafuta funguo. Kipima kililia polepole, tik, tik. Kilipofika kwenye kiti cha mama aliyekuwa akiandaa chupa, kikaanza kulia mfululizo kama mvua juu ya bati.

Mama huyo alikuwa mtu mzima mpole, siku hizi haachi kuvaa skafu shingoni. Bi Rudia alimvuta chemba, akafunga mlango.

"Mama, ulitibiwa hospitali hivi karibuni?"

Mama akashika skafu yake. "Tezi ya shingo, mwanangu. Walininywesha dawa ya iodini. Wakaniambia nikae nyumbani kwanza, nisikaribiane na watu. Lakini mkataba wangu ni wa muda. Nikikosekana, watamweka mwingine."

Iodini ilikuwa inamtoka kwa jasho, mikono yake ikaibeba mpaka kwenye vifuniko vya chupa zote, za kisima na ile ya maji matupu.

"Sikujua kama itafika huko," mama alilia. "Utanifukuzisha?"

Bi Rudia alitamani kumkumbatia, akakumbuka dawa, akabaki amesimama hatua chache kutoka kwake, naye machozi yakimlenga.

"Kuugua si kosa, mama. Kosa ni letu. Tunauliza mashine kila asubuhi kama ni nzima, watu hatuwaulizi. Nenda nyumbani upone. Kiti chako mimi nitakilinda."

Na alikilinda. Mbele ya mkurugenzi alisimama mpaka mzee akakubali kwamba mama atapewa likizo na mkataba wake hautaguswa, na kwamba kuanzia hapo kila anayetibiwa kwa mionzi atasema bila kuogopa. Mkurugenzi alilegeza tai yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Hivi wewe huwa unakubali kushindwa?"

"Nikishindwa nitakuambia, mkurugenzi."

Majibu ya maabara ya pili yakaja: maji ya kisima ni safi. Kisima kikafunguliwa, ghala likatolewa lakiri. Bi Rudia aliisubiri simu. Haikuita. Akapiga mwenyewe, ikaita mpaka ikachoka.

"Mwombe msamaha yaishe," shangazi alimwambia, wakichambua mchele mezani.

"Shangazi, sikumkosea. Siwezi kuomba msamaha kwa kazi niliyoifanya sawasawa."

"Basi usiombe. Lakini hakuna aliyewahi kufa kwa kumwambia mwenzake kwamba amemkumbuka."

Bi Rudia alichambua mchele kwa muda, akafuta mikono, akachukua simu, akaandika: *Sijutii nilichofanya. Nimekukumbuka sana.* Akatuma kabla moyo haujageuka.

Siku ya tatu mchana, mlinzi wa lango la maabara alimwita. Risasi alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, shati la kijivu lenye mikunjo, ndevu hazijanyolewa. Bi Rudia hakuwahi kumwona bila ovaroli siku ya kazi.

"Mbona hauko ghalani?"

"Nina habari. Niache niiseme yote kwanza." Alishusha pumzi. "Siku ile tulipogombana niliapa nitakuumbua. Ghala lilikuwa limefungwa, mzigo hauingii. Nikaomba ruhusa ya kuingia na kipima changu, nikalikagua pipa baada ya pipa. Nilitaka nikuletee ushahidi kwamba mtu wako ni msafi."

"Halafu?"

"Nyuma kabisa, pipa moja la zamani limeliwa na kutu chini. Sakafu ina unyevu. Haujavuka ukingo wa chumba. Kisima hakijaguswa. Lakini ungeachwa hivyo hivyo, siku moja ungefika."

Bi Rudia alifunika mdomo.

"Mwenzangu aliniambia tufunike tu," Risasi akaendelea. "Tumeshasafishwa, nani atarudi kuangalia? Nikalala na hilo wazo, na nilikaribia kulikubali. Asubuhi nikaona ujumbe wako. *Sijutii nilichofanya.* Nikajiuliza, je, mimi nitaweza kuandika hivyo?"

"Usiniambie mimi. Karipoti kwanza."

"Nimesharipoti. Pipa limeondolewa, sakafu inasafishwa. Nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Huenda nikarudi, huenda nisirudi." Alimtazama usoni. "Nilisema nilitaka mpenzi, sikutaka mkaguzi. Nilikosea. Nisamehe, mpenzi wangu."

Bi Rudia alisogea karibu. Akamshika mkono, akaubana.

"Uliniumiza," akasema.

"Najua."

"Usinikatie simu tena. Ukikasirika, kasirika nikiwa nasikia."

"Nitakasirika kwa sauti mpaka shangazi atoke nje."

Wakacheka pamoja, cheko la watu waliolikosa kwa muda. Mlinzi akageukia barabarani, akajifanya anahesabu magari.

"Nilikuwa nimepanga kuja kwenu rasmi," Risasi akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Na wazee wangu, na cheo changu. Sasa nije na nini?"

"Nani alikuambia naolewa na cheo?" Bi Rudia akakaza kilemba chake, akamvuta kuelekea mlangoni. "Twende."

"Wapi?"

"Juu, kwa mkurugenzi. Nimwambie kuanzia leo sampuli yoyote inayohusu ghala lako, ukiwa kazini au ukiwa nje, itasimamiwa na mtu mwingine."

"Sababu?"

"Sababu mimi ni mchumba wako."

Risasi akasimama ghafla kwenye ngazi ya kwanza. "Lakini mbona sijakuomba!"

"Basi fanya haraka. Ngazi zenyewe si nyingi."

Alimwomba pale pale, katikati ya ngazi, wapimaji wawili wenye makoti meupe wakisubiri kupita. Bi Rudia alisema ndiyo kwa sauti iliyosikika mpaka chumba cha mashine, kisha wakaendelea kupanda.