Timazi la Fundi Datius

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi yoyote ya msimu wa kahawa huku kwetu Buganguzi. Mama yangu mdogo, Kokuberwa, alikuwa ameanika kahawa kwenye mkeka mbele ya nyumba, nami nilikwenda kumsaidia kuchambua. Mume wake, Datius, niliyemwita baba Datius, alikuwa fundi mwashi. Alikunywa uji wake akiwa amesimama, akachukua mwiko na ndoo, akaanza kuondoka. Timazi lake alikuwa ameliacha likining'inia sebuleni, kipande cha chuma kwenye uzi cha kupimia ukuta kama umenyooka, kwenye msumari wa ukutani.

"Umesahau chuma chako," mama mdogo akamwambia.

"Leo hakuna ukuta, ni sakafu tu. Ndizi ziwe nyingi, nitarudi na njaa."

Hakurudi.

Alikuwa akijenga nyumba ya Onesphory, pale kilimani juu ya barabara. Onesphory alikuwa amekaa Dar es Salaam miaka mingi, akarudi na gari jeusi, na pete yenye alama ya bikari kidoleni. Alipanga nyumba Miembeni, Bukoba mjini, lakini jumba lake alitaka lijengwe kijijini, maana huku ndiko alikotaka kura. Watu walisema ni Freemason. Yeye hakukanusha. Nadhani alipenda waseme.

Kati yake na baba Datius kulikuwa na jambo zito kuliko ujenzi. Walipokuwa vijana, babu wa baba Datius aliwafungisha omukago, udugu wa damu wa wazee wetu. Lilichumwa tunda moja la kahawa, lenye punje zake mbili. Kila mmoja akachanjwa karibu na kitovu, punje ikapakwa damu yake, mwenzake akaimeza. Tangu siku hiyo walikuwa ndugu. Na babu aliwaambia, kama alivyoambiwa yeye, kwamba atakayemdhuru mwenzake, punje aliyoimeza itaamka.

Siku moja, kabla ya Jumamosi ile, mimi na mama mdogo tuliwapelekea mafundi chakula. Tulimkuta Onesphory amekaa juu ya mfuko wa saruji, akiwasimulia.

"Freemason hawakuanza Ulaya," alisema. "Walianza kwenye hekalu la Sulemani. Fundi mkuu aliitwa Hiramu. Alikuwa na neno la siri. Vibarua watatu wakamvizia wampokonye neno hilo, akakataa, wakamuua. Wakamfukia haraka, lakini tawi la mti juu ya kaburi likawaumbua. Wenzake waliowashika hawakuwaonea huruma. Kuanzia hapo mafundi wakashikana mikono dunia nzima. Wafalme, marais, majenerali. Hakuna anayekalia kiti kikubwa bila mkono huo."

Baba Datius akalamba mchuzi kidoleni.

"Na ule ukuta aliokuwa anajenga," akauliza, "nani aliumalizia?"

Watu walicheka mpaka wakakohoa. Onesphory hakucheka. Alimtazama ndugu yake kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa.

Baba Datius alipopotea, Onesphory alisema amempa nauli, naye amepanda basi pale Muleba kwenda Biharamulo kutafuta kazi nyingine. Katikati ya jumba lake kulikuwa na chumba kisicho na madirisha, na kilikuwa tayari kimewekwa marumaru nyeusi na nyeupe. Hazikuwekwa na mafundi wa kijijini. Waliziweka wanaume wawili waliokuja na gari kutoka mjini. Walifanya kazi mlango ukiwa umefungwa, wakaondoka bila kumsalimia mtu.

Mama mdogo hakulia hadharani. Alitafuta Muleba, alitafuta Biharamulo. Alichotaka ni kimoja: mume wake alale kwenye kibanja, chini ya migomba, pamoja na baba zake. Kwetu mtu asiyezikwa kwenye kibanja chake hajafa vizuri.

Mchana mmoja tulikuwa sebuleni tunamenya ndizi. Kisu chake kikasimama.

"Tazama," akanong'ona.

Timazi huning'inia wima. Hata mtoto wa shule anajua. Lakini timazi la baba Datius lilikuwa limeinama. Uzi ulikuwa umekaza, na chuma kimesimama hewani upande mmoja, kama kinavutwa na mkono. Hapakuwa na upepo. Nilikishika, nikakirudisha wima, nikakiachia. Kikarudi kilipokuwa.

Kilielekea kilimani.

Viongozi ambao mama mdogo aliwaendea walimwambia nyumba ya mtu haibomolewi kwa sababu ya uzi. Akarudi, akafunga kitenge, akaenda nyuma ya nyumba kwenye mbuni wa zamani, ule ambako babu alichuma tunda la omukago. Alichuma kidogo tu. Akachemsha na majani yake, akakausha.

"Unamwandalia nani?" nikamuuliza.

"Mgeni."

Mgeni alikuja wakati wa kampeni. Ilikuwa alasiri, mvua imetoka kukatika. Onesphory alipita nyumba kwa nyumba na ngoma na watu wake, na hakuweza kuiruka nyumba ya ndugu yake wa omukago. Wangesema nini? Akaingia, akatoa kofia.

"Shemeji, pole. Bado namuulizia kila kituo cha basi."

"Asante, shemeji. Karibu kamwani."

Kwetu mgeni hupewa kwanza kamwani, kahawa ya kutafuna. Mgombea anayeikataa kahawa ya mwenyeji mbele ya watu, kijiji kizima kinamkataa. Alijua. Mama mdogo akachukua tunda moja kutoka kwenye kikapu kidogo, akalipasua kwa kucha. Punje mbili.

"Hii yako," akasema. Ile nyingine akaiweka sakafuni, chini ya timazi. "Hii ya ndugu yako. Akirudi ataikuta."

Onesphory akacheka kidogo. Akaitia mdomoni. Akatafuna.

Chuma kikageuka.

Tuliona sote. Kiliacha kuelekea kilimani, kikazunguka taratibu, kikamwelekea yeye. Akapiga hatua moja kando. Kikamfuata. Ngoma nje ikanyamaza.

"Umekula?" mama mdogo akamuuliza kwa upole.

Akaondoka bila kofia yake.

Juma lile tumbo lake likaanza kujaa. Alipopanda jukwaani Muleba, alifungua mdomo aseme, akakohoa, na maganda ya kahawa yakamtoka midomoni. Mabichi. Mekundu. Watu waliokuwa mbele wakarudi nyuma. Mke wake akahamia kwao. Alisema chini ya marumaru kuna anayegonga kwa mwiko, polepole, kama fundi anayeweka tofali sawa. Ko. Ko. Ko. Mchana kweupe.

Ndipo Onesphory akatuma watu wamwite mama mdogo. Nilimsindikiza. Tulimkuta amelala kwenye mkeka sebuleni kwake, kwenye lile jumba la kilimani. Tumbo lilikuwa limesimama. Mikono ilikuwa vijiti.

"Yuko wapi?" mama mdogo akauliza.

"Chini ya marumaru nyeusi. Ya katikati."

"Freemason walikuagiza?"

Akatikisa kichwa. "Sijawahi kumwona Freemason. Pete nilinunua Kariakoo. Wale wawili wa marumaru nilikutana nao Miembeni. Walisema wao ni mabwana wakubwa. Walisema kiti kinataka damu ya ndugu." Akapumua kwa shida. "Nilifikiri, wa omukago si ndugu wa tumbo moja. Nitatoa ndugu, na nisipoteze ndugu."

Chini ya sakafu kuna kitu kiligonga. Mara moja.

"Shemeji," akalia, "kitoe. Kinaota. Nasikia mizizi."

Mama mdogo akainama karibu na sikio lake. Sijawahi kumwona na uso ule, kabla wala baada.

"Mimi sikuweka kitu tumboni mwako," akanong'ona. "Punje uliimeza mwenyewe, ukiwa kijana, mbele ya babu."

Akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Akamtazama mpaka alipokata roho. Nilimwomba tuondoke, hakuinuka. Nilimwomba angalau ampe maji. Alikuwa na kikombe mkononi. Akayanywa yeye.

Sakafu ilibomolewa siku iliyofuata. Baba Datius alikuwa pale, chini ya marumaru nyeusi ya katikati, amekunjwa kama mtoto, mwiko mkononi. Tulimzika kwenye kibanja, chini ya migomba, na mchungaji akaomba. Tuliporudi ndani, timazi lilikuwa wima. Ile punje iliyowekwa chini yake haikuwepo. Tulifagia, tukasogeza viti. Haikuonekana.

Onesphory alizikwa na watu wachache, kaburi likasakafiwa kwa zege nene. Kabla mwaka haujaisha zege lilipasuka katikati, mche wa kahawa ukatoka. Ndugu zake waliukata, ukaota. Waliumwagia mafuta ya taa, ukaota. Sasa ni mbuni mkubwa na unazaa. Nimepasua matunda yake kwa mkono wangu. Kila tunda lina punje upande mmoja tu. Upande wa pili ni mtupu.

Hakuna anayeyachuma, isipokuwa mama mdogo. Huyachemsha, huyakausha, huyaweka kwenye kile kikapu kidogo. Mwaka huu magari ya kampeni yalipoanza kupita tena, nilimkuta anakijaza.

"Mama, hayo ni ya nini tena?" nikamuuliza.

"Wale wawili wa marumaru bado hawajaja," akasema, akaendelea kuchambua.

Nikainua macho ukutani. Timazi lilikuwa limeinama tena. Halikuelekea kilimani. Lilielekea barabarani, na chuma kilikuwa kikisogea polepole, kama kinachofuata kitu kinachokaribia.