Gonga Mara Moja

Gololi ya chuma ilipopita chini ya taa nyekundu, ukumbi mzima ulinuka dizeli, na watu wakapiga makofi. Wengi wao hawakuwahi kuinusa maishani. Magari ya Nairobi yalikuwa yakijiendesha tangu wazaliwe, kimya, meupe kama mayai.

Mhandisi Kagendo aliuita mchezo huo mezagololi. Ulikuwa na vibawa viwili vya kurushia gololi, kengele, na kioo chenye picha ya nganya, yale magari ya abiria ya zamani yaliyopakwa marangi na kupewa majina. Lakini uhondo haukuwa rangi. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu halisi ya mtu, iliyovutwa kichwani mwake kwa chombo kiitwacho kinyonyabongo. Na kikishanyonya, hakirudishi.

Mtu huyo alikuwa babake Kagendo, Mzee Kirimi, kondakta wa nganya kwa miaka ishirini na sita. Mkewe, Nkirote, alianza akiwa abiria wake, na sura ya Nkirote mzee aliichora kwa mkono wake kwenye mlango wa nyuma wa gari.

"Chukua honi, chukua vumbi, chukua hata jina la gari," mzee alimwambia Kagendo siku ya kunyonywa kumbukumbu, akijilaza kwenye chombo. "Ikimfikia mama yako, hapo basi."

"Sawa, baba. Ukiona inamkaribia, gonga kitanda mara mbili. Nitazima."

Baada ya hapo mzee alitengwa maabarani siku tisa, kama taratibu zilivyotaka. Leo, siku ya uzinduzi, ndipo alipokutana na mkewe. Nkirote alikuwa amembebea sweta, maana alijua ukumbi ule una baridi.

"Asante sana, mama," mzee alisema kwa adabu, kama kwa mgeni, akiipokea. "Mungu akubariki."

Nkirote alibaki amesimama, mikono mitupu.

Mzee alikuwa amekwisha kugeukia meza ya mchezo. Aligonga ubavu wa meza mara mbili, gololi ikaruka. Akagonga mara moja, ikasimama palepale. "Mbili, twende. Moja, simama," aliwaeleza watu, akitabasamu. "Kondakta hakosei hapo, hata akiwa usingizini."

Kanuni hiyo Kagendo aliitia mezani yeye mwenyewe, kwa mbwembwe tu, bila kuihusisha na kitanda. Na siku ile ya kunyonywa aliusikia mgoto mmoja wa kidole kitandani. Aliinua macho, akangoja wa pili, haukuja. Akaendelea, tena kwa furaha, kwa kuwa kumbukumbu iliyokuwa ikiingia wakati ule ilikuwa tamu kuliko zote.

Mzee aliinamia kioo, akaitazama sura ya msichana kwenye mlango wa nyuma. "Aliyemchora huyu alimpenda," alisema.

"Alimpenda," Nkirote alijibu. Kisha akamgeukia bintiye. "Hakukupa ishara?"

"Aligonga, mama."

"Mara ngapi?"

"Moja."

Nkirote alipanda nganya zile ujana wake wote. Hakuhitaji kuelezwa.

"Akagonga ushushe," alisema polepole, "nawe ukapita kituo."

Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu. Mtu mmoja alijipenyeza mbele, akagonga meza mara mbili, gololi ikaruka, na ukumbini kikasikika kicheko cha Nkirote akiwa na miaka ishirini.

Watu wakapiga makofi. Mzee Kirimi naye akapiga.