Bingwa na Tundu la Sindano

— Tunga uzi, baba watoto. Ukiweza, bukta nakushonea leo hii na kesho nakaa kiti cha mbele.

Mume wangu akacheka hadi meza ya kukatia ikatikisika.

— Kesho natetea mkanda wa dunia, wewe unaniletea sindano?

— Tunga.

Jamani, huyu mnayemwita Mlima hamumjui. Mnajua ngumi tu: wanaume ishirini na sita kawalaza, yeye hajaanguka hata mara moja. Mlango wa duka langu la ushonaji anapita kiubavu. Mimi nilimpendea jingine. Siku ya kwanza alikuja kupunguziwa suruali, akaniona nahangaika na uzi, akanipokonya sindano. Kwa vidole vile vinene kama ndizi, akatunga mara moja tu! Nilibaki mdomo wazi. Miaka kumi na mmoja sasa, sindano zangu zote anatunga yeye.

Lakini mwezi huu mzima namuona anamwaga chai. Nikimuuliza, eti uchovu.

Akalamba uzi, akafumba jicho moja. Ukapita pembeni. Akarudia. Pembeni tena.

— Macho tu haya.

Nikamvalisha miwani yangu. Siku nyingine ningecheka. Mara ya tatu mkono ukatetemeka hadi sindano ikadondoka.

— Usimwambie kocha, akanong'ona. Nakuomba, mke wangu.

— Sisemi. Ila bukta ya kukuzikia sishoni.

Simu yake ikaita. Kocha. Nikaweka sauti ya nje.

— Mlima, uko wapi? Waandishi wamejaa, mpinzani wako anatamba huku!

Akanitazama. Akisema "nakuja", nimempoteza.

— Kocha, warudishie mkanda wao. Sipigani tena.

— Acha utani! Nani kakutisha?

— Hakuna aliyenitisha. Nimepigwa.

— Na nani?

— Sindano ya mke wangu. Raundi ya tatu.

Akakata simu. Nimemuona akiangusha majitu, lakini hakuna siku aliyoniacha hoi kama pale, mtu mzima na misuli yake amepiga magoti, anapapasa sakafu kutafuta ile sindano isije ikanichoma mguu.

— Sasa nani atakutungia uzi? akauliza, machozi yanamtoka.

— Wewe huyo huyo. Shika sindano, mimi nakushika mkono.

Tulikosa mara nne. Ya tano uzi ukapita, na bingwa wangu akashangilia kuliko siku aliyovishwa mkanda.