Sufuria ya Pélagie na Alama Tisini na Tisa

Kila Jumapili Onema alinoa panga lake, akafunga mihogo miwili ya kuchemsha ndani ya jani, akatoka nyumbani kwake Alunguli, mtaa wa mji wa Kindu. Wengine walikwenda kanisani. Yeye alikwenda porini, kutafuta kaburi la mke wake.

Pélagie alikufa wakati wa vita, ule mwaka Kindu ilifungwa pande zote. Homa ya siku nne tu. Dawa ilikuwa ng'ambo ya mto, na wenye bunduki walikataza mitumbwi kuvuka. Onema na shemeji yake Florentin walimzika mchana, haraka haraka, huku risasi zinalia. Saruji haikuwako. Hata mbao za msalaba hazikuwako. Wakafanya kama wengine walivyofanya siku zile: wakachukua sufuria ya marehemu, wakaitoboa ili mwizi asiitamani, wakaiweka kifudifudi juu ya udongo upande wa kichwa. Halafu Onema akahesabu hatua kutoka pale mpaka njiani. Hatua sitini. Akaziweka moyoni.

Vita vikaisha. Wakubwa wakagawana viti. Majani yakaota juu ya wafu.

Miaka zaidi ya ishirini Onema alisimama kwenye njia, akahesabu hatua sitini kuelekea mawio ya jua, akakata majani. Sufuria hakuiona.

Siku moja mtu wa ofisi akapita na kipaza sauti. Lile pori litakatwa viwanja. Tingatinga litafika Jumatatu ijayo. Makaburi yanayojulikana yataachwa. Yasiyojulikana, basi.

Onema akakimbia ofisini.

"Mke wangu iko mule," akasema.

"Onyesha kaburi, mzee," karani akajibu bila kuinua kichwa. "Fundi wetu alipita na GPS. Alichukua alama sita. Kaburi hakuna."

"Alipita njiani na viatu vyake vyeupe! Nilimwona. Hata unyasi mmoja haukumgusa!"

"Alama sita, mzee. Zimeandikwa."

Onema akarudi nyumbani. Florentin alikuwa anamngoja mlangoni, pamoja na Falone, binti wa jirani yao Germaine. Falone alikuwa mama wa watoto wawili, na kazi yake ilikuwa kuhesabu miti msituni, kule Obokote. Alikuja likizo na GPS yake, chombo kidogo cha mkononi kinachopokea ishara za satelaiti na kuonyesha mahali ulipo.

"Papa Onema," akasema, "kesho nenda tafuta kama kawaida yako. Lakini weka hii mufukoni."

Kesho yake jioni Falone akamwonyesha kioo cha kile chombo. Mistari mingi ilikuwa imezongana mahali pamoja.

"Hizi njo hatua zako za leo. Umezunguka sawa mbuzi mwenye kamba."

"Unanitukana, mutoto?"

"Hapana, papa. Minakuonyesha kamba. Kila mara unaanzia njiani, kila mara unahesabu sitini. Kwa hiyo kila mara unafika palepale."

Maneno yale yalimchoma Onema kwa sababu yalikuwa kweli.

"Sasa tufanye nini?" Florentin akauliza.

"Tuache kukumbuka. Tupime. Iko na kaye ya karo hapa?"

Florentin akaleta daftari la hesabu la mwanawe, lile lenye mistari inayokatana. Falone akachora pori lote: mita mia moja kwa upana, mita themanini kwa urefu.

"Kila mahali mistari inakutana, tunaweka alama. Kutoka alama hadi alama, mita kumi. Kwanza tunaambia chombo kihesabu kwa mita, si kwa digri, ili hesabu iwe nyepesi. Halafu tunasimama kwenye pembe ya kwanza, mahali pa wazi, tunangoja kidogo chombo kipate satelaiti za kutosha. Tunaandika namba mbili: ya mashariki na ya kaskazini."

Asubuhi wakafanya hivyo. Mwisho wa namba ya mashariki ulikuwa 240. Mwisho wa namba ya kaskazini ulikuwa 510. Falone akaita alama ile A1.

"A2 itakuwa nini, papa?"

"Unaongeza kumi... mashariki 250. Kaskazini inabaki 510."

"Njo vile! Unaendelea mpaka 340. Ukimaliza mustari, unaongeza kumi kwenye kaskazini, upande mto unakoteremkia. Hapo njo B."

Florentin akacheka. "Huyu alikimbia shule darasa la tatu, leo anaongea na satelaiti!"

"Na wewe uliyemaliza, ulipata nini? Pikipiki bila breki," Onema akajibu. Halafu akahesabu kwa kidole. "Kumi mara nane. Alama themanini."

"Hapana, papa. Hesabu alama, usihesabu nafasi zilizo katikati. Ukiwa na nafasi kumi, una alama kumi na moja. Na mistari ni tisa."

Tisini na tisa. Wakaziingiza kwenye chombo kwa mkono, moja moja, wakazisoma mara mbili ili wasikosee namba.

"Sikilizeni vizuri," Falone akasema. "Chombo kinaweza kukosea mita tatu, nne. Chini ya miti, zaidi. Kwa hiyo ukifika kwenye alama, tafuta hatua kumi kila upande. Usiruke alama yoyote, hata kama unaona moyoni hapana kitu. Ukimaliza, weka musalaba kwenye kaye."

Wakaanza. Mstari wa kwanza wakaenda, wa pili wakarudi, kama watu wanaopalilia shamba. Siku ya kwanza, A na B. Hakuna. Siku ya pili, C na D. Hakuna. Siku ya tatu, kwenye E5, fimbo ya Florentin ikagonga bati. Onema akapiga magoti, akafukua. Ilikuwa sufuria iliyotobolewa, lakini haikuwa ya Pélagie. Ilikuwa ya mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamtafuta.

"Tuandike namba zake kwenye kaye," Falone akasema polepole.

Siku ya nne, kwenye H9, Onema mwenyewe akapasua majani. Sufuria. Mkono mmoja wa sufuria ulikuwa umefungwa waya wa shaba. Waya ule aliufunga yeye, kabla ya vita.

Hakulia. Alisimama, akageukia machweo, akaanza kuhesabu. Kwenye hatua ya sitini mguu wake ukazama kidogo. Chini ya majani palikuwa na mfereji mrefu, mgumu. Njia ya zamani.

"Shemeji!" akapaza sauti. "Hatua zangu hazikukosa! Njia njo walihamisha! Walikata mupya kando ya pori wakati sisi tuliogopa kufika huku, na hakuna mukubwa hata mumoja alituuliza tumeacha nani humu!"

Walipomaliza alama zote, walikuwa na makaburi kumi na manne.

Jumatatu Onema alisimama mbele ya tingatinga, kaye mkononi. Fundi wa viatu vyeupe akaingiza namba zile kwenye GPS yake, na safari hii akaingia majanini. Kila namba, sufuria. Ile sehemu ikazungushiwa seng'enge.

Baadaye ofisi ikasimamisha kibao. Kiliandikwa jina la mkubwa aliyeyahifadhi makaburi. Majina ya wafu hayakuwako. Onema alikisoma herufi kwa herufi, akatema mate, akaenda kupalilia kwa Pélagie.

Alipokuwa pale, mwanamke mmoja akamjia. Aliitwa Francine. Baba yake alizikwa wakati wa vita, nyuma ya mashamba.

"Minakumbuka mahali, papa. Ilikuwa karibu na njia."

Onema akafuta mikono, akafungua ukurasa mpya wa kaye ya karo.

"Acha njia, mama," akasema. "Nionyeshe pembe."