Mlima Ulioshuka Uani

Siku ya kufua mashuka ya zahanati, Mama Povu huamka na wimbo mdomoni. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu mikono yake haikauki sabuni. Mumewe huchoma matofali, kwa hiyo yeye ni Baba Tofali. Nyumba yao iko chini ya mlima, na kisima chao kiko uani, karibu na jiko.

Asubuhi hiyo wimbo ulikatika katikati. Ndoo ilipanda imejaa matope.

"Baba watoto! Njoo uone uji wangu!"

Baba Tofali alichungulia ndani ya ndoo, akakuna kichwa. "Lakini juzi tu mvua ilitupiga mpaka viatu vikaelea sebuleni."

"Ndicho kinachonishangaza. Maji gani haya, yanaingia bila hodi na kuondoka bila kwaheri?"

Mama Povu alitazama rundo la mashuka. Wagonjwa wasingeweza kulalia uchafu. Akishindwa kufua, zahanati itatafuta dobi mwingine.

"Tukiongeze kisima kina," alisema Baba Tofali. "Namwita Chura."

Chura alikuwa fundi wa visima. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, na hakuona haya kujisifu. "Mimi na ardhi tumenyonya ziwa moja," alisema huku akijifunga kamba kiunoni. "Kaka, shika vizuri. Mke wangu bado ananihitaji."

Hakufika mbali. Mara sauti yake ilipasuka kutoka kisimani.

"Simamisha kamba! Iteni watu! Njooni muone!"

"Nyoka?" Mama Povu aliruka nyuma.

"Nyoka ni kitu gani! Nivuteni!"

Chura alitoka na uso unaong'aa kwa furaha, kila mkono umeshika bonge la udongo. Mafuriko ya juzi yalikuwa yamebomoa mawe ya mdomo wa kisima. Udongo uliokuwa umefichwa nyuma yake sasa ulionekana wazi.

"Chungulieni ukutani," alisema. "Juu kuna udongo mwekundu, unene wa mkono wangu mzima. Chini yake, mweusi. Mpaka wake umenyooka kama umepigwa kamba. Sasa kaka, vunja hili bonge jekundu."

Baba Tofali alilivunja. Ndani yake mlikuwa na vipande vya tofali. Alivigeuza kwenye mwanga, macho yakamtoka.

"Hili ni tofali langu! La tanuri la kule juu mlimani!"

"Hukulileta wewe?"

"Nilete matofali yaliyovunjika uani kwangu? Nina wazimu?"

"Basi limekuja lenyewe," alisema Chura, "pamoja na udongo wote huu."

Mama yake Baba Tofali, ambaye wote humwita Bibi, alisogea polepole. Aliomba bonge jeusi. Lilikuwa na mizizi midogo na chembe za mkaa. Alilinusa kwa muda.

"Nilipoolewa hapa," alisema, "uani palikuwa na udongo huuhuu. Ukidondosha mbegu ya boga, kesho unalikwepa boga. Na mlima wote ulikuwa msitu."

"Bibi, ua wa siku ulipoolewa ndio ule chini," Chura alisema, akionyesha kisimani. "Hapa tumesimama juu ya mlima. Umeshuka kila mvua, kidogo kidogo."

"Kumbe!" Bibi alipiga makofi. "Ndiyo maana kizingiti cha mlango wangu kimezama! Nami nilidhani nyumba inazeeka kama mimi."

Wote walicheka. Lakini Mama Povu hakusahau mashuka yake.

"Shemeji, hayo ya udongo nimeyaona. Maji yangu yako wapi?"

"Nipe ndoo mbili za maji uliyofulia jana."

Chura alimwaga ndoo ya kwanza kwenye mteremko mtupu nyuma ya nyumba. Maji yalikimbia, yakabeba udongo, yakalowesha ndala za Baba Tofali. Kisha alimwaga ya pili pembeni kidogo, palipoota majani mengi. Walisubiri. Hakuna kilichotiririka. Mama Povu alipiga magoti, akatenganisha majani kwa vidole.

"Yamezama!" alisema. "Yote!"

"Kisima hunywa maji yaliyozama," alisema Chura, "hakinywi yaliyopita. Sikilizeni. Watu, ardhi na hali ya hewa ni kama watu watatu waliobeba kitanda kimoja. Akiyumba mmoja, wote wanayumba. Wazee walikuja hapa kwa sababu ardhi ilikuwa nzuri. Wakakata miti, wakalima, wakajenga. Ardhi ikabaki uchi. Jua likaipiga, ikawa ngumu kama sahani. Mvua nazo siku hizi zinakawia, halafu zinamwagika kwa mkupuo. Zikiangukia sahani, zinateleza. Ndiyo maana mna mafuriko na kiu katika nyumba moja."

Baba Tofali alikitupa chini kile kipande cha tofali. Kisha akasema kwa ukali, "Sema tu kwamba mchawi ni mimi. Kuni zangu zimetoka mlimani."

"Na mbuzi wa majirani je? Na majiko yetu?" Chura alijibu. "Hakuna mchawi hapa."

"Hata mimi nililima matuta ya kushuka mlima," Bibi alidakia. "Maji yalipita humo yakipiga mbio, nami nikajiona fundi."

"Sasa kaka," Chura aliendelea, "nikikiongeza kisima kina, utapata maji, lakini tutakuwa tunayakimbiza chini kila mwaka. Siwezi kukuahidi kwamba tukipanda miti mvua itaongezeka. Ila hiyo inayonyesha, tunaweza kuikaribisha ikae."

"Tunaikaribishaje?"

"Kwa mitaro. Si ya kuteremka. Ya kukatiza mlima, iliyo sawa kabisa, ili maji yasimame na kuzama."

Uso wa Baba Tofali ulibadilika. Kuchimba udongo wa matofali ndiyo kazi yake. Aliingia ndani mbio, akatoka na mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha maji ndani, ambao mafundi hupimia msingi wa nyumba.

"Maji kwenye ncha hizi mbili husimama kimo kimoja," alisema. "Nitakupa mstari ulio sawa mpaka ushangae!"

Kesho yake walipanda mlimani. Mama Povu alikuwa ameazima maji ya kufulia kwa jirani, na hapohapo akawaita majirani wenyewe. "Mafuriko yenu na yangu ni mamoja," aliwaambia. "Njooni na majembe." Walikuja wakitaniana, wakachimba wakiimba. Udongo waliochimba waliuweka ukingoni mwa mtaro, wakapanda nyasi juu yake ziushike. Juu zaidi walipanda miche. Wenye mbuzi walikubali kuwafunga. Baba Tofali naye alianza kuchoma matofali kwa pumba za mpunga na vumbi la mbao kutoka kwa seremala, akaacha kukata kuni.

Mvua kubwa ilianza mchana mmoja, kwa kishindo. Badala ya kukimbilia ndani, wote walikimbilia mlimani.

Mtaro wa kwanza ulijaa. Ukashika! Wa pili ulijaa. Wa tatu ulianza kumeguka ukingoni.

"Unapasuka!" Mama Povu alipiga kelele. "Matofali! Leteni matofali!"

Baba Tofali hakusita. Karibu palikuwa na matofali yake mazuri, yaliyokwisha kuiva. Majirani walijipanga mstari, wakayapitisha mkono kwa mkono. Mama Povu aliyapanga kwenye ufa, matope yakimfika magotini. Baba Tofali alishindilia udongo kwa miguu.

Maji yalisimama. Mvua ilipokwisha, yalikuwa bado yamesimama, mistari myembamba inayong'aa kukatiza mlima. Chini, hakuna kiatu kilichoelea.

"Tumeyashika!" Mama Povu alimkumbatia mumewe, wote wawili wekundu kwa matope.

Kisima hakikujaa wiki ile. Chura alikuwa amewaonya: ardhi iliyochoka miaka mingi haiponi kwa mvua moja. Zahanati ilimwongezea Mama Povu siku za kurudisha mashuka, naye akaendelea kuazima maji. Lakini nyasi ziliota, miche ikashika, na msimu wa mvua wa pili ulipopita, kiangazi kilimkuta Mama Povu akivuta ndoo ya maji safi. Aliyaonja kwanza. Kisha akaita nyumba nzima ije ionje, kana kwamba ni asali.

Habari hazifungwi kamba. Siku chache baadaye, watu wa upande wa pili wa mlima walikuja kumtafuta Chura.

"Fundi, visima vyetu vimekauka. Njoo utuongezee kina."

Chura alianza kutafuta kamba yake, kisha akaiacha.

"Kwanza," alisema, "nionyesheni mlima wenu."

Alipogeuka kumwita Baba Tofali, alimkuta tayari yuko njiani, mpira wa kupimia umezunguka bega lake.